Jeki ya Kwenda Ukweni

Jumatatu, 12 Aprili 1971

Pasaka imekwisha. Leo Ochieng alifika hapa Kaloleni, Kisumu — mkwe wetu, aliyemuoa binti yetu Nasipwondi. Ameleta samaki, ngege wanne wakubwa, bado wanang'aa. Kijana ana adabu, siwezi kusema uongo.

Ameleta na neno la baba yake, Mzee Ogweno. Mahari imekwisha yote, hakuna deni. Sasa mimi na mke wangu Metrine twende kwao Kano tuone nyumba ya binti yetu kwa mara ya kwanza. Tarehe nane Mei, siku ya Jumamosi. Nikamwambia vizuri, tutakuja na Landrova.

Ochieng akaangalia viatu vyake. Ati baba anaomba gari tuiache Ahero kwa lami. Ati mwezi wa tano Kano ni matope meusi mpaka ziwani. Atatuma ng'ombe na mkokoteni, watupokee pale barabarani.

Mkokoteni!! Mimi Waliaula! Mimi niliyeendesha greda la barabara kutoka Kisumu mpaka Busia, injinia mzungu akiniamkia kwanza! Niingie kwa wakwe nimekaa juu ya mkokoteni kama gunia la mahindi?

Nikamwambia: Mwambie baba yako naingia na gari yangu mpaka mlangoni kwa binti yangu. Ng'ombe wake wakinivuta hata hatua moja, narudisha ng'ombe mmoja wa mahari.

Metrine alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa, ikamwagika mezani. Ochieng alipoondoka ndipo akasema. Baba Walubengo, hao ng'ombe si ndio kijana wetu Walubengo anaolea? Wazazi wa msichana wake si wamekuja wakawahesabu kwa macho yao? Ukirudisha mmoja, kijana ataenda kujazia na nini — na mdomo wako?

Nimesema, nimesema.

Jumatano, 14 Aprili

Leo nimevalisha Landrova viatu vipya. Tairi za lori la jeshi, nimepata kwa Wahome, yule Mkikuyu wa Kibuye anayeuza vyuma vya gari. Kati ya meno ya tairi vinaingia vidole viwili. Zilikataa kuingia, zikagusa madigadi, yale mabati ya juu ya tairi. Nikachukua msumeno nikakata madigadi mwenyewe, pande zote nne. Metrine akaziba masikio.

Sasa gari imesimama juu! Ukiinama kidogo unaona upande wa pili. Jirani mmoja akapita akasema Mzee, hii sasa ni gari au ni korongo? Nikamwambia korongo hazami.

Nimeizunguka mara nyingi. Hakuna Landrova kama hii Kaloleni. Hata Milimani hakuna, pamoja na ukubwa wa nyumba zao.

Ijumaa, 16 Aprili

Wahome alikuja kuona kazi. Badala ya kusifu akauliza, Mzee, na jeki?

Jeki ninayo. Ilikuja na gari, ya kuzungusha. Nimeitumia miaka yote.

Akasema haya, inua tuone.

Nikaweka chini ya ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu. Nikazungusha. Jeki ikapanda, ikapanda, mpaka mwisho wa uzi wake. Tairi bado iko chini. Imekaa tu, kama mtu aliyeamshwa akajifanya hasikii. Nikaweka tofali chini ya jeki. Tofali likapasuka. Nikaweka mawili, yakapasuka mawili. Watu wakaanza kusimama. Mama Aoko, anayeuza samaki, jirani yangu wa mlango wa tatu, akaweka karai lake chini kabisa ili atazame vizuri.

Wahome anasema tairi kubwa imepandisha ekseli. Jeki yangu ilipimwa na tairi ndogo. Ati ukibadilisha viatu vya gari lazima ubadilishe na jeki.

Nimesema ni udongo wa Kaloleni. Ni laini.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimeenda mjini, duka la vyuma la Jethabhai. Nikamwambia nataka jeki ya mafuta, ile ya chupa, na nataka kubwa kuliko zote.

Akauliza gari gani. Nikamwambia usijali gari, leta kubwa.

Akaleta ya tani kumi na mbili. Nzito! Nimeibeba begani kutoka dukani mpaka kwa gari na watu wakaniona. Nyumbani nikatoa upepo wote wa tairi moja, kusudi nipime kama siku ya pancha yenyewe. Gari ikalala upande. Nikapeleka jeki chini ya ekseli — haiingii! Hata ikiwa imefungwa kabisa ni ndefu, inagonga. Ina nguvu ya kuinua kanisa lakini haiwezi kupita mlangoni.

Nimekaa na pampu ya mguu kujaza tairi hiyo mpaka jua likazama. Metrine alinihurumia, akapika ngege.

Jumanne, 20 Aprili

Nimeirudisha. Jethabhai amecheka mpaka akashika meza. Mzee, gari yako nzima haifiki tani mbili. Ulitaka kuinua posta?

Akasema jeki haichaguliwi kwa tani peke yake. Ya kwanza, pima nafasi iliyobaki chini ya ekseli tairi ikiwa imekwisha upepo — jeki lazima iingie hapo. Ya pili, pima inafika wapi ikipanda mpaka mwisho. Ya tatu, inakanyaga nini.

Nikamwambia hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa namjaribu.

Nimechukua ya katikati, fupi, ina skrubu kichwani ya kuongeza urefu. Nikakata ubao wa mvule, mpana kama sinia, jeki ikanyage hapo isizame. Nikatoa upepo tena. Ikaingia! Ikapanda! Tairi ikatoka chini, ikazunguka kwa kidole.

Mama Aoko alikuwa anapita. Nikamwambia ona. Akaona.

Jumapili, 25 Aprili

Baada ya kanisa nimepeleka gari Dunga, kwa matope ya ziwa, nijaribu kama vile itakuwa Kano. Metrine nyuma na Biblia yake. Nikaingiza gari penye majimaji kwa makusudi. Ikazama mguu mmoja. Vizuri, ndiyo nilitaka.

Nikavua koti. Nikalala kwa tumbo. Ukitaka kuweka jeki ya chupa chini ya ekseli hakuna njia nyingine, lazima ulale, uingize kichwa na mabega, utafute mahali kwa mkono. Maji yakaingia kwa shati. Nikapiga jeki. Ubao ukashika! Gari ikainuka! Nikapiga kelele ya furaha huko huko chini.

Nikasikia mtu anacheka. Mama Aoko, amekuja kununua samaki kwa wavuvi. Simuoni, naona miguu yake tu. Anasema, Mzee Waliaula, huko kwa Ogweno pia utalala hivyo? Mbele ya mama ya Ochieng?

Nikabaki chini. Sikutoka haraka.

Kwetu baba ya msichana haketi hata kwa kiti kifupi kwa wakwe. Hali chakula akaonekana meno. Kwa Wajaluo vile vile. Na mimi nimelala kwenye matope, tumbo chini, matako yameangalia ziwa! Nimepima urefu, nimepima tani, nimepima ubao. Hii sikuipima.

Njiani nikamwuliza Metrine, wewe ulijua? Akasema nilijua siku ile uliponunua. Kwa nini hukuniambia? Akasema, ningekuambia ungelala hata leo, makusudi.

Baadaye akasema, basi umchukue Wahome alale badala yako. Nani? Nipeleke mtu wa Kibuye akalale chini kwa wakwe zangu, waseme Waliaula amekodi tumbo?

Hapana.

Jumanne, 27 Aprili

Nimepata!

Nilienda Kibuye asubuhi. Sikumwambia Wahome mambo ya Dunga, lakini alikuwa ameshasikia. Mji huu! Akasema, Mzee, unatafuta jeki ya mtu ambaye hawezi kuinama. Nikamwambia anaweza. Hataki.

Akaenda nyuma ya kibanda. Akaondoa makoti ya mitumba yaliyotundikwa kwenye chuma kirefu — kumbe chuma ni jeki! Anatumia jeki kutundikia makoti! Ilikuwa ya mzungu wa shamba kule Kitale aliyerudi kwao. Ni mti wa chuma, unanifika kifuani, una matundu juu mpaka chini. Kuna ulimi unaoshika bampa, na mpini mrefu. Unasukuma mpini chini, ulimi unapanda tundu moja. Unasukuma tena, tundu lingine. Na wewe umesimama! Umesimama wima, shati safi, kofia kichwani!

Tairi ndogo, tairi kubwa, haijali. Haitafuti ekseli. Inashika bampa na kubeba gari kutoka juu.

Wahome akafungua mdomo akanionyesha pengo la jino. Anasema ni mpini huu. Ukiuachilia gari ikiwa juu unaruka kama fahali, unavunja taya. Akanipa masharti. Usishike bampa ya bati, itakunjika — lakini bampa ya Landrova ni chuma, hiyo ni sawa. Isikanyage matope bila ubao. Uipake mafuta matundu yote. Ukimaliza kuinua, mpini uusimamishe, uufunge kwa mti wake usije ukaanguka. Na kubwa kuliko yote, kusiwe na mtu ndani ya gari. Hii jeki ni ndefu na mguu wake ni mwembamba, gari ikitikisika inaanguka upande.

Nimempa ile ya chupa na tairi zangu za zamani, tukapeana mikono. Makoti yake sasa yako chini.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Watu wako nyumbani. Nikatoa gari nje waone.

Mara ya kwanza mpini uliruka. Ulichukua kofia yangu, ukaitupa mpaka kwa paa la jirani. Mtu akasema, Mzee, kichwa kimebaki? Nikajishika. Kimebaki. Nikaanza tena bila kofia.

Mara ya pili nikaisikia mkononi. Ina mwendo wake. Unasukuma mpaka inasema *ka*, unarudisha polepole. *Ka*. Polepole. Mbele ya gari ikaanza kupanda. Tairi zinaning'inia kwa springi lakini jeki haichoki, inapanda tu. Ikafika mahali mbwa wa jirani akapita chini ya tairi bila kuinamisha masikio.

Nikafunga mpini. Nikarudi nyuma nikasimama kama padri mbele ya altari.

Walipiga makofi! Watu wazima! Yule wa korongo pia alipiga. Mama Aoko akasema, sasa hivi ndivyo baba ya bibi harusi anavyosimama.

Na nimejua jambo lingine peke yangu, Wahome hakunifundisha. Kwa matope ya shimo hakuna haja ya kuvuta gari. Unainua, unajaza shimo mawe, unashusha, gari inaondoka juu ya mawe kama inaondoka kwa lami. Ng'ombe wakae wale majani.

Alhamisi, 6 Mei

Mvua tangu Jumanne. Mto umejaa, wanasema.

Metrine amepiga pasi koti langu la arusi ya kanisa. Linafunga bado, nikizuia pumzi. Amenionya jambo moja. Mama ya msichana, akifika kwa wakwe mara ya kwanza, hakanyagi chini mpaka wamama wa boma watandike leso, yaani kanga, akanyage hapo. Mama yake alifanyiwa hivyo, na yeye atafanyiwa. Ati nisimharakishe kushuka.

Nikamwambia utashuka kama malkia, mlangoni.

Akasema, na ng'ombe wa Walubengo?

Nikamwambia lala.

Jumamosi, 8 Mei

Naandika juu ya boneti ya gari, mchana, mbele ya lango la Mzee Ogweno. Nitaeleza kwa nini.

Tumetoka Kisumu mapema. Ahero tuliacha lami. Kulikuwa na mkokoteni hapo, kweli, na mtu ametumwa. Nikampungia mkono nikapita. Kutoka hapo ni matope meusi, yanang'ang'ania kama ugali wa mtama. Lori la mchele limezama kando, dreva amelala juu ya magunia. Sisi tukapita! Tairi zinatupa udongo mpaka juu ya paa. Metrine ameshika chuma kwa mikono miwili, anaimba wimbo wa kanisa, na sauti inaruka kwenye kila shimo. Niligeuka nikamwona anatabasamu. Alificha, lakini niliona.

Tukaona ziwa. Tukaona boma, ua wa minyaa, nyumba ya mabati mapya — ya binti yangu! Watu wamejaa ndani ya lango. Wamama wakapiga vigelegele. Nikapiga honi.

Hatua chache kabla ya lango, gurudumu la mbele la kushoto likaingia mfereji. Maji yalikuwa yamefunika, mfereji hauonekani. Likazama mpaka bampa ikakaribia matope. Nikatia gia ya nguvu. Linazunguka tu. Nikazima.

Vigelegele vikaisha.

Mzee Ogweno akaja mpaka kwenye nguzo ya lango. Mrefu, mkongojo, viatu vyeusi vimepakwa rangi vinang'aa. Na pembeni, ndani ya ua, ng'ombe wanne. Wamefungwa nira tayari! Na mnyororo! Tangu asubuhi, nadhani. Akasema, Mkwe, karibu sana. Ng'ombe wako hapa.

Nikamwambia, Mkwe, asante. Waache wapumzike.

Nikashuka polepole. Nikachukua ubao wa mvule, nikautupa mahali pake kwa mguu, sikuinama. Nikachukua jeki. Watu wakaiona. Vijana wa boma wakanong'onezana, ati ni bunduki? Nikaisimamisha juu ya ubao, nikaingiza ulimi chini ya bampa, bado nimesimama.

Ndipo nikakumbuka. Kusiwe na mtu ndani.

Nikaenda dirishani. Mama Walubengo, shuka kidogo. Akaniangalia. Leso iko wapi? Nikaangalia langoni. Leso ninaiona, nyekundu, imekunjwa, iko mikononi mwa mama ya Ochieng. Lakini yeye anapokea wageni ndani ya boma. Hawezi kuja kutandika huku nje, kwa mfereji. Metrine naye hawezi kukanyaga matope kabla ya leso. Na gari haiwezi kufika kwa leso mpaka iinuke.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, ikianguka?

Akasema, umeniendesha kwa gari mbovu tangu wakati wa wakoloni. Inua.

Nikainua. *Ka*. Polepole. *Ka*. Ubao ulizama kidogo, ukashika. Gari ikapanda na mke wangu ndani, amekaa wima, mkoba magotini, anaangalia mbele kama yuko kanisani. Gurudumu likatoka kwenye mfereji, likaning'inia, linadondosha matope. Mpini haukuruka. Koti halina tone! Nikasimamisha mpini, na kamba nimesahau nyumbani, kwa hiyo nikavua tai yangu nikaufunga nayo.

Sasa yamebaki mawe ya kujaza mfereji. Mawe yapo, rundo zima kando ya lango, ya kujengea. Lakini kujaza ni kupiga magoti kwenye maji, na kuingiza kichwa chini ya bampa. Mimi siwezi. Hapa siwezi. Ogweno anajua siwezi. Yeye ananingoja mimi, na ng'ombe wanangoja.

Kwa hiyo nimetoa kitabu hiki mfukoni, nimekiweka juu ya boneti kwa wepesi, nisiitikise, naandika. Waone mtu ambaye hana haraka. Waone pia kwamba najua kuandika.

Siangalii mtu. Manyunyu yameanza. Ubao umezama tena, kama upana wa kidole. Naona kwa jicho moja.

Nasipwondi ametoka ndani ya nyumba. Binti yangu! Amenenepa. Amechukua karai, ameenda kwenye mawe. Ogweno amenyoosha mkongojo mbele yake, amemzuia. Amesema kitu kwa Kijaluo. Ochieng naye amesogea, amezuiwa vile vile. Mzee amesema tena, kwa sauti kubwa zaidi, upande wa ng'ombe.

Vijana wanafungua nira.

Metrine ananiuliza kwa dirisha, bila kugeuza shingo, unaandika nini saa hii? Nimemwambia naandika kwamba tumefika. Anasema hatujafika. Nimemwambia, wewe usitikisike tu.

Ng'ombe wameondoka na mnyororo unaburuta. Mzee Ogweno amempa Ochieng mkongojo. Ameegemea nguzo ya lango, ameinua mguu. Kiatu kimoja kimetoka. Anakunja suruali, macho kwenye rundo la mawe.

Sasa anavua na cha pili.